Hotuba ya Asubuhi na Hotuba ya Jioni: Safari ya Tume ya Mipango ya Tanzania

Kila mwaka katikati ya Juni, Bunge la Tanzania husomewa hotuba mbili siku moja. Asubuhi husomwa Hali ya Uchumi wa Taifa pamoja na Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata. Jioni, yapata saa kumi, husomwa bajeti. Ya asubuhi hueleza nchi inakotaka kufika. Ya jioni hueleza nani atapewa fedha na nani atatozwa. Vijiweni hujadiliwa ya jioni, maana ndiyo yenye bei ya bia, mafuta na leseni. Ya asubuhi hufuatiliwa na wachumi, wabunge wa Kamati ya Bajeti na maafisa mipango wa halmashauri, ambao hupekua kitabu kuona kama mradi wao umetajwa.

Kuna miaka ambayo hotuba zote mbili zilisomwa na waziri mmoja, na kuna miaka ambayo wasomaji ni wawili kutoka ofisi mbili. Anayeijua sababu ya tofauti hiyo ameshaijua nusu ya historia ya chombo tunachokikumbuka hapa. Kwa zaidi ya miaka 60, chombo cha mipango cha taifa kimekuwa kurugenzi, wizara, tume, wizara tena, tume tena, sehemu ya Wizara ya Fedha, na tangu 2023 tume kwa mara nyingine. Kila kilipohamishwa kulikuwa na swali moja lililosubiri jibu: ni nani serikalini anayeweza kumwambia waziri kwamba mradi wako ni mzuri, lakini usubiri?

Mpango wa kwanza

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mipango. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilitoa mpango wa miaka kumi wa maendeleo na ustawi, ambao kwa sehemu kubwa ulikusanya matumizi ya idara mbalimbali na kuyaweka katika jalada moja. Mpango wa Miaka Mitatu wa 1961 hadi 1964 ulijengwa juu ya ripoti ya ujumbe wa Benki ya Dunia uliozuru Tanganyika kabla ya uhuru. Katika mipango yote miwili, kila idara iliandika inachotaka, na hapakuwa na wa kuuliza kama barabara ya idara hii inafika kwenye shamba la idara ile.

Mwaka 1964 mambo yalibadilika. Mwezi Mei, wiki chache baada ya Muungano, Mwalimu Julius Nyerere aliwasilisha bungeni Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, wa kuanza Julai 1964 hadi Juni 1969. Ulikuwa na shabaha tatu za kufikiwa ifikapo 1980. Pato la mtu mmoja lipande kutoka takriban pauni 19 hadi pauni 45 kwa mwaka. Nchi ijitosheleze kwa wataalamu. Wastani wa umri wa kuishi utoke kwenye miaka 35 hadi 40 na kufika 50. Uchumi ulitarajiwa kukua kwa asilimia 6.7 kwa mwaka. Kazi ya uandishi iliongozwa na Mfaransa, Jacques Faudon, akiwa na timu ambayo wengi wake walikuwa wageni, na iliandikwa kwa haraka.

Kurugenzi ya mipango iliwekwa Ofisi ya Rais kwa hoja iliyoeleweka: mipango inazigusa wizara zote, kwa hiyo haifai kuwa chini ya wizara moja. Lakini makadirio ya mapato yalibaki Hazina, na kitabu cha miradi kilikuwa kwingine. Baada ya uchaguzi wa 1965 shughuli hiyo ilipewa wizara yake, Wizara ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo, chini ya Paul Bomani aliyekuwa ametoka kwenye Fedha. Amir Jamal akachukua Hazina. Wizara hiyo mpya ilizoeleka kwa jina la Devplan.

Mpango wa kwanza ulitegemea fedha za nje kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo ulipotikisika. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikata msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini, na Mwalimu akaikatalia misaada yake mingine. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Bei ya mkonge ilianguka. Wizara zilibaki na vitabu vyenye miradi isiyo na mfadhili, na kila moja ikaanza kujitafutia yake.

Shabaha ya pili, ya wataalamu, ndiyo iliyoonyesha uratibu unavyoweza kufanya kazi. Wapangaji walikadiria nchi ingehitaji wahandisi, madaktari, walimu na wahasibu wangapi. Wizara ya Elimu ilipanga nafasi za sekondari na chuo kikuu kwa kufuata makadirio hayo, na wahitimu walipangiwa vituo vya kazi na serikali. Palikuwa na hesabu moja, na ofisi zote ziliifuata. Vijana wa wakati ule hawakuipenda sana, kwa kuwa aliyetaka sheria alielekezwa ualimu, lakini nchi iliyopata uhuru na wahitimu wachache mno ilijaza nafasi za wageni kwa kasi kubwa.

Miji tisa na mikoa yenye wafadhili wake

Mpango wa Pili ulipitishwa kwenye mkutano wa TANU Mei 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Safari hii wapangaji walijua nchi inataka nini: ujamaa vijijini, njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na viwanda visirundikane Dar es Salaam. Miji tisa ilitajwa kuwa vituo vya kukuza uchumi: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. Anayepita leo maeneo ya viwanda ya Morogoro au Arusha anapita ndani ya uamuzi ule.

Mwaka 1972 ukaja mfumo wa Madaraka Mikoani. Halmashauri zilivunjwa, wataalamu wa wizara wakapelekwa mikoani na wilayani, na kila mkoa ukapata Mkurugenzi wa Maendeleo na ofisi yake ya mipango. Lengo lilikuwa mpango uanzie chini. Lakini madiwani waliochaguliwa waliondoka, na nafasi yao ikachukuliwa na watumishi waliowajibika Dar es Salaam. Mwaka 1980 Bunge lilianzisha kwa sheria Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, ili kuwafundisha watu wa kazi hiyo. Halmashauri zenyewe zilirudi mwaka 1984, baada ya sheria ya 1982.

Kipindi hicho kila mkoa uliandikiwa mpango wake wa maendeleo, na serikali ikaruhusu mfadhili mmoja achukue mkoa mmoja. Wajerumani walikuwa Tanga, Wanorwe Rukwa, Benki ya Dunia Kigoma. Kwa mkoa wenyewe ilikuwa neema: magari yalifika, visima vikachimbwa. Kwa taifa ilikuwa hadithi nyingine, na ilionekana wazi kwenye pampu za mkono. Mtwara na Lindi, walikokuwa Wafini, zilifungwa pampu za Nira. Morogoro, walikokuwa Waholanzi, zilifungwa pampu za SWN. Lindi na Morogoro ni mikoa inayopakana, lakini fundi wa upande mmoja hakuweza kuazima kipuri upande wa pili. Wizara ya Maji ilibaki na nchi moja yenye pampu za kila aina na bohari zisizosaidiana. Wahenga walishasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mpango wa Tatu ulipaswa kufuata mara moja baada ya 1974, ila ukame na kupanda kwa bei ya mafuta vikausogeza hadi 1976. Shabaha yake ilikuwa viwanda vya msingi. Humo ndimo kilimozaliwa Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilisanifiwa kutengeneza jozi milioni nne kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Karatasi zilikuwa sahihi: nchi ilikuwa na ng'ombe wengi, kwa hiyo ingekuwa na ngozi nyingi. Lakini ngozi nzuri humtaka mfugaji asiyemchoma ng'ombe chapa ubavuni, mchunaji asiyetoboa, mkusanyaji anayewahi, kiwanda cha kusindika chenye kemikali, na fedha za kigeni za vipuri. Kila kimoja kilikuwa chini ya ofisi tofauti. Kiwanda hakikuvuka sehemu ndogo kabisa ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Wasomi wengi wamekitaja kama mfano wa mkopo mbaya. Watu wa mipango wana haki ya kukitaja kwa sababu nyingine: mradi uliidhinishwa bila kuwepo mtu mwenye jukumu la kuufuata kuanzia zizini hadi bandarini.

Miaka ya dharura na sheria ya 1989

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda tena kwa bei ya mafuta viliimaliza akiba ya fedha za kigeni. Baada ya 1981 mpango wa miaka mitano ukawa kitu cha kutamani. Zikafuata programu fupi: ya kuokoa uchumi, ya kurekebisha uchumi, kisha mwaka 1986, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa madarakani, Programu ya Kufufua Uchumi iliyokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wapangaji waligeuka kuwa wagawaji wa uhaba. Walikaa kuamua dola chache zilizopo ziende kwenye mafuta, dawa, mbolea au vipuri vya kiwanda cha nguo.

Katika mazingira hayo, sheria ya 1989 iliunda Tume ya Mipango, Rais akiwa mwenyekiti wake. Shughuli za mipango zilirudi Ofisi ya Rais, na Ofisi ya Takwimu ikawa chini ya paa hilohilo. Hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko linavyosikika. Mipango yote ya nchi hii imekuwa ikikimbizana na idadi ya watu: sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ya 1988 milioni 23.1, ya 2002 milioni 34.4, ya 2012 milioni 44.9 na ya 2022 milioni 61.7. Mpangaji asiyekuwa na mtakwimu karibu hupangia watu wa miaka kumi iliyopita.

Tume ya 1989 ilifanya mambo mawili yaliyodumu. La kwanza, mwaka 1993/94 ilianza na Hazina kuandaa mpango na bajeti ya miaka mitatu inayosogezwa mbele kila mwaka, ili mradi usife Juni 30 kwa sababu tu mwaka wa fedha umeisha. La pili ni Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, iliyoandaliwa katika miaka ya 1990 na kutolewa 1999, wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Kwa mara ya kwanza tangu Azimio, taifa lilikuwa na waraka mmoja uliosema linataka liwe nini: maisha bora, amani na umoja, utawala bora, jamii iliyoelimika, na uchumi unaoweza kushindana.

Wakati huohuo Hazina ilikuwa ikielekea kwingine. Katikati ya miaka ya 1990 serikali iliingia kwenye bajeti ya fedha taslimu: wizara zilipewa mwezi huu kile kilichokusanywa mwezi uliopita, basi. Utaratibu huo uliokoa shilingi na kushusha mfumuko wa bei. Kwa mpango wa maendeleo ulikuwa mtihani. Mishahara na madeni hulipwa kwanza, na mradi hupewa kinachobaki. Mkandarasi wa daraja halipwi kwa miezi, mitambo inasimama, riba inaongezeka. Mpango unabaki vilevile kwenye karatasi, ila ratiba halisi ya ujenzi inaamuliwa na ofisa wa Hazina anayegawa fedha za mwezi.

Ofisi tatu, kazi moja

Mwaka 2000 Tume iligeuzwa kuwa Ofisi ya Rais, Mipango na Ubinafsishaji, chini ya Waziri wa Nchi Abdallah Kigoda. Nguvu nyingi zilikwenda kwenye kuuza na kurekebisha mashirika ya umma. Mkakati wa kupunguza umaskini, uliodaiwa na wakopeshaji ili nchi isamehewe madeni, uliratibiwa Ofisi ya Makamu wa Rais. Bajeti ilikuwa Hazina. Ofisi tatu zilibeba sehemu tatu za shughuli moja, na wakurugenzi wa sera katika wizara walijikuta wakijaza taarifa ya mradi mmoja kwa madodoso tofauti.

MKUKUTA, mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, ulipoanza mwaka 2005 ulikuwa na matokeo mazuri yaliyotajwa vizuri, lakini wenyewe ulikuwa mkakati uliosema nini kipungue, si mpango uliosema reli ijengwe lini. Mwaka 2006 Juma Ngasongwa alipewa Wizara ya Mipango, Uchumi na Uwezeshaji. Miaka miwili baadaye, katika mabadiliko ya baraza la mawaziri ya Februari 2008, masuala ya uchumi yaliunganishwa na Fedha, na Tume ya Mipango ikafufuliwa Ofisi ya Rais.

Tume hiyo ya pili ndiyo iliyoirudisha nchi kwenye mipango ya miaka mitano. Chini ya Katibu Mtendaji Philip Mpango iliandika Mpango Elekezi wa Miaka 15, kuanzia 2011/12, uliogawanywa katika vipindi vitatu: kwanza kuondoa vikwazo vya ukuaji, kisha viwanda, kisha ushindani. Dira ilikuwa imeshatumia zaidi ya miaka kumi bila ngazi za kuipandia. Sasa zilipatikana.

Kabla ngazi ya kwanza haijapandwa vizuri, mlango mwingine ulifunguliwa. Rais Jakaya Kikwete alivutiwa na jinsi Malaysia ilivyosimamia utekelezaji, na mwaka 2013 ukazinduliwa mfumo wa Matokeo Makubwa Sasa. Maeneo sita yalichaguliwa: nishati, uchukuzi, kilimo, maji, elimu na ukusanyaji wa mapato. Watendaji wa wizara, mashirika na sekta binafsi walifungiwa pamoja kwa wiki kadhaa katika kile kilichoitwa maabara, wakivunja mradi hadi hatua ya mwisho: nani anasaini, siku gani, akichelewa nani anaulizwa. Ofisi ya utekelezaji ilimpelekea taarifa Rais moja kwa moja. Hapo ofisa wa maji na ofisa wa barabara walikaa meza moja kabla ya bomba kufukiwa, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya greda kulikata.

Faida ya maabara haina ubishi. Lakini Tume iliyoandika mpango sasa ilikuwa na jirani aliyefuatilia sehemu ya mpango huohuo kwa kipimo kingine, na Hazina ilikuwa na orodha yake ya tatu. Serikali iliyofuata haikuendelea na ofisi ile. Kilichobaki ni tabia, na tabia haina fungu la bajeti la kuilinda.

Ndani ya Hazina

Mwishoni mwa 2015 Rais John Magufuli alimteua Philip Mpango kuwa Waziri wa Fedha na Mipango, na Tume ikaingizwa humo. Aliyeandika mpango akashika funguo za fedha. Kila Juni alisoma hotuba ya asubuhi na ya jioni kwa sauti ileile. Sheria ya Bajeti ya 2015 ilikuwa imeshaweka kwamba mwongozo wa bajeti ufuate mpango.

Matokeo ya kwanza yalionekana haraka. Katika bajeti ya 2016/17 ya shilingi trilioni 29.5, asilimia 40 ilitengwa kwa maendeleo. Mpango wa Pili wa zama hizi, 2016/17 hadi 2020/21, ulikadiriwa kugharimu trilioni 107, na trilioni 59 kati ya hizo zilitakiwa kutoka serikalini. Miradi mikubwa iliyokuwa imelala kwenye makabati iliamka: Bwawa la Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo wapangaji wa miaka ya 1970 walilichora, na reli ya kisasa iliyowekewa jiwe la msingi Aprili 2017. Reli hiyo inatumia umeme, kwa hiyo shirika la reli na shirika la umeme walilazimika kwenda hatua moja. Abiria walianza kupanda hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi uliofuata.

Dodoma yenyewe ni somo. Chama kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Kwa zaidi ya miaka 40 uamuzi huo haukupingwa na yeyote hadharani, na wizara nyingi hazikuhama. Kila moja ilikuwa na sababu: nyumba za watumishi hazijajengwa, mabalozi wako Dar es Salaam, fedha za uhamisho hazikutengwa mwaka huu. Julai 2016 Rais alitangaza kwamba serikali inahama, na Septemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Wizara zikafuata. Mamlaka ya Ustawishaji ilivunjwa 2017, na mwaka 2018 sheria ikaitangaza Dodoma kuwa makao makuu. Hakuna andiko jipya la mradi lililohitajika. Kilichokosekana miaka yote ilikuwa tarehe moja inayomfunga kila katibu mkuu.

Kuwa ndani ya Hazina, hata hivyo, kulikuwa na gharama yake. Wizara ya Fedha huishi kwa mwezi: mishahara tarehe hii, deni tarehe ile, makusanyo yamefika wapi. Mtu wa mipango anayekaa humo huanza kufikiri kwa mwezi pia. Utafiti wa muda mrefu husogezwa, na anayepaswa kumkosoa mgawaji wa fedha anakuwa chini yake. Mpango wa Tatu, wa 2021/22 hadi 2025/26, uliokadiriwa trilioni 114.8, uliandikwa katika hali hiyo.

Sheria ya 2023

Mwaka 2023 Bunge lilitunga sheria mpya iliyounda Tume ya Taifa ya Mipango, Rais akiwa tena mwenyekiti. Agosti mwaka huo Kitila Mkumbo akawa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Mipango na Uwekezaji, na mwaka huohuo Lawrence Mafuru aliteuliwa Katibu Mtendaji. Mafuru, mtu wa benki aliyepitia Hazina, alifariki Novemba 2024 akiwa India kwa matibabu, wakati kazi kubwa ya Tume mpya ikiwa katikati. Kazi hiyo ni Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 17 Julai 2025. Dira inalenga uchumi wa dola trilioni moja na pato la dola 7,000 kwa mtu. Zanzibar ina Tume yake ya Mipango na Dira yake ya 2050, kwa hiyo uratibu wa Muungano nao una meza mbili za kukutanisha.

Dira iliyotangulia haikushindwa kabisa. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, miaka mitano kabla ya muda. Lakini kilimo chenye tija ndogo bado kinabeba watu wengi, na viwanda havijafika palipoandikwa.

Ofisi ya mipango ya halmashauri ndiyo inayoonyesha Tume ya 2023 itapimwa kwa nini. Kijiji kimeibua kituo cha afya kupitia mkutano wake. Kata imekipitisha, baraza la madiwani limekiweka kwenye vipaumbele, na afisa mipango amekiingiza kwenye mfumo wa PlanRep. Kisha ukomo wa bajeti unashuka kutoka juu ukiwa mdogo kuliko wa mwaka jana, na anakaa usiku kupunguza. Kituo kikiponea hapo, jengo linajengwa. Lakini watumishi wa kituo wanategemea kibali cha Utumishi, dawa zinategemea Bohari ya Dawa, umeme unategemea wakala wa nishati vijijini, REA, na maji yanategemea wakala wa maji vijijini, RUWASA. Kila ofisi ina mwaka wake wa utekelezaji. Ndiyo maana vituo vilivyopakwa rangi na kufungwa kufuli havikosekani, bila yeyote kuwa amefanya kosa kwenye fungu lake.

Kumbukumbu ya miaka hii yote inatoa fundisho lisilotegemea nani ni Rais. Chombo cha mipango kilipokaa Ikulu kilisikilizwa, lakini hakikushika fedha. Kilipokaa Hazina kilishika fedha, lakini kilipoteza umbali wa kuzikosoa. Kilipokuwa wizara ya kawaida kilikosa vyote viwili, kwa sababu waziri hawezi kumwamuru waziri mwenzake. Katiba, katika ibara ya 63, imelipa Bunge uwezo wa kujadili na kuidhinisha mpango wowote wa muda mrefu au mfupi, na hata kutunga sheria ya kusimamia utekelezaji wake. Uwezo huo umetumika zaidi kupitisha kuliko kudai hesabu.

Mipango si matumizi, husema watu wanapocheka bajeti za nyumbani. Serikalini msemo huo umekuwa kweli kwa sababu za kiofisi zinazoeleweka, na zinaweza kurekebishwa. Tume ikipewa haki ya kuona mradi kabla Hazina haijautengea shilingi, na jina la mradi uliokataliwa likachapishwa pamoja na sababu, mawaziri watajifunza kuja na andiko lililokamilika, lenye watumishi, maji na umeme ndani yake. Mwaka 2031, mpango wa kwanza wa Dira 2050 utakapofika ukingoni, kitabu kitakachostahili kusomwa kwanza kitakuwa kile chenye orodha ya miradi iliyoambiwa isubiri.